Mwaka wa Kukata Chai

Chai ya Mzee Kipkurui ilikatwa matawi Juni ya mwaka wa tisini na tano, na kwa binti yake Chepngetich ilikuwa kama kufunguliwa kamba. Chai ikikatwa hakuna kuchuma mpaka Septemba, na mwaka wa kukata huja mara moja kwa miaka minne. Agosti hiyo, shule zikiwa zimefungwa, yeye na rafiki yake mwalimu Elmina wangepeleka baisikeli zao kwa basi mpaka Lunga Lunga, kisha waifuate pwani yote kwa pedali hadi Malindi.

Bahari hakuwahi kuiona. Aliijua kwa kuuliza. Kila aliyetoka huko, Chepngetich alimtilia chai, akamwuliza: barabara ina milima? Maji yananukaje?

Jumamosi walifunga mizigo barazani. Chepngetich alileta sweta mbili, gambuti, na ile epron ya nailoni ya kuchumia.

"Dada, hizi ni za nini?" Elmina aliuliza. Alikuwa amefundisha Kwale mwaka mzima.

"Asubuhi si kuna baridi?"

"Baridi! Huko hata kuku wanatembea mdomo wazi. Rudisha!"

Akarudisha, lakini sweta moja aliificha chini ya pampu na viraka.

Walipeleka mizigo kituo cha kupimia majani ya chai ipimwe. Karani Nyamwange akaitundika kwenye mizani.

"Kilo kumi na tisa! Chepngetich, haya ni majani ya wapi?"

"Ya Malindi. Andika."

Wachumaji wakacheka, naye akacheka mpaka machozi.

Wakirudi, walimkuta Mzee Kipkurui shambani, ameinama. Mvua ilikuwa imewahi, na machipukizi yalikuwa yamefika kimo cha kuvunjwa. Uvunjaji huo wa kwanza si kama kuchuma kwa kila siku. Unapima kwa kijiti, unavunja kila chipukizi kwa kimo kimoja, kichaka kiwe sawa kama meza. Ukikosea, utachuma kwenye mabonde na vilima miaka minne. Tangu mama afariki, kazi hiyo ilikuwa ya Chepngetich.

"Enda tu, mama," baba alisema bila kuinuka. "Mimi nitajaribu."

Chepngetich aliitazama mistari mitatu ambayo baba alikwisha kujaribu. Hapa juu, pale chini. Hakuhitaji kuambiwa.

"Tungoje wiki mbili, Elmina."

"Shule zitafunguliwa, dada. Na wenzangu wa Kwale wananingoja."

Elmina aliondoka Jumatatu. Chepngetich akashika kijiti. Mikono ilivunja chai, roho ilikanyaga pedali. Leo Elmina amevuka kwa feri. Leo yuko Kilifi, pengine amekaa mchangani, amevua viatu. Jua la mchana lilipochoma, alifumba macho ajaribu kusikia maji. Alisikia mashine za kiwanda tu.

Siku ya nane, siku ya kufika Malindi, alisimama katikati ya mstari.

"Baba, tunakata tena mwaka gani?"

"Tisini na tisa."

"Tisini na tisa sitakuwa hapa. Nakwambia mapema."

Mzee alimtazama usoni kama mtu anayesoma barua.

"Basi njoo unionyeshe kuvunja," alisema. "Lakini pole pole, macho yangu yamechoka."

Chepngetich akampa kijiti, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya kichaka.

"Hapa, baba. Usishuke chini ya hapa."

Chipukizi likavunjika.

"Tena," Chepngetich akasema.