Ukuta Uliompisha Yohana

Kwenye mpira wa kikapu kuna watu wa kufunga na kuna watu wa kugongwa. Chrispin alikuwa wa kugongwa. Kazi yake katika timu ya Miamba ya Masasi ilikuwa kusimama njiani kama gunia lililosahaulika, beki wa wapinzani ajibamize kifuani kwake, na Mujibu apate nafasi ya kurusha mpira kwa raha zake. Wenyewe wanaita kuweka ukuta. Mpira ukiingia, watu wanapiga kelele "Mujibuu!" Chrispin anabaki anajipapasa mbavu.

Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni maneno ya ghalani.

Bosi Hamudi, mwenye malori na ghala la korosho, ndiye aliyewanunulia jezi. Msimu wa korosho ulipokaribia alitaka kijana mmoja wa timu awe karani wake, kazi ya kudumu, yenye bima na mkataba. Kwa vijana wa Masasi mkataba ni kitu cha kusimuliwa, kama theluji. Chrispin alikuwa na diploma ya ugavi iliyolala chini ya godoro tangu amalize chuo, na mchana kutwa aliendesha bodaboda ya mtu. Bosi mwenyewe akamkumbuka: "Na yule mrefu mwenye diploma je?"

Mujibu, kapteni, rafiki wa kula naye sahani moja, akacheka.

"Chrispin? Bosi, yule ni wa kusimama tu. Ukimweka ghalani, wapakiaji watamtundikia mashati."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Chrispin alikuwa mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi, amekuja kumchukua huyo huyo Mujibu amrudishe nyumbani. Bure. Kufikia jioni stendi nzima ilikuwa inamwita Kabati.

Bosi akasema kazi ni ya Mujibu, ila kwanza angekwenda Newala kumwona akicheza. "Nataka nione mtu anayebeba wenzake."

"Utaona, bosi," alisema Mujibu.

Utaona kweli, alisema Chrispin moyoni.

Siku ya mechi upepo wa Newala ulikuwa unapekua watu hadi ndani ya soksi. Bosi Hamudi alikaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti juu ya koti. Pembeni ya uwanja Mama Winfrida alikuwa anakaanga mihogo na kuwakaanga wageni.

"Karibuni, watu wa Masasi! Joto lenu mmemwachia nani?"

Newala walimpa Mujibu mlinzi mmoja, Yohana, kijana mfupi wa kijiji cha Makote. Yohana hakujua kufunga hata kwa bahati mbaya. Alijua kumganda mtu tu, kama nzi na embe. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa chakula cha Chrispin.

Mujibu akaja mbio na mpira. Chrispin akasimama pale pale pa siku zote, akatanua miguu, akakunja mikono kifuani. Yohana alipokaribia, akavuta bega moja nyuma. Kidogo tu, kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni. Yohana akapita, akaupiga mpira ukatoka mikononi mwa Mujibu, ukaenda kutua kwenye beseni la mihogo.

"Mkitaka mihogo semeni," akapayuka Mama Winfrida, "msitume mpira!"

"Chrispin! Ukuta!"

"Nimesimama, kapteni. Si ndiyo kazi yangu?"

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Hakuna filimbi ya kumpulizia mtu aliyejivuta bega. Kocha Nikolao macho yake yalifuata mpira, kama macho ya uwanja mzima. Nani anamtazama asiye na mpira? Miaka yote jambo hilo lilimuuma Chrispin. Leo lilimficha.

Mengine yote aliyafanya vizuri mno. Alidaka mipira iliyogonga chuma, akatoa pasi safi, akafunga hata yeye, ili mechi isiharibike mapema. Hakutaka Mujibu afungwe pamoja na timu nzima. Alitaka afungwe peke yake, bosi akitazama.

Mwishoni Miamba walikuwa nyuma kwa pointi moja. Kocha akaomba muda, akaagiza mpira wa mwisho apewe Mujibu. Walipokuwa wanarudi uwanjani, Mujibu akamshika Chrispin jezi.

"Kaka, unampisha yule mtu makusudi."

"Mimi? Lini umeona kabati linatembea?"

Mujibu akaiachia jezi. "Nilikosa. Nisamehe. Hamida ana mimba, na kwao nimeshasema kazi ninayo. Kaka, huu mmoja tu."

"Kamwambie bosi kwamba ulikosa."

"Sasa hivi?"

"Yupo pale. Baridi haijamuua bado."

Mujibu akamtazama bosi, akatazama viatu vyake. "Nikimwambia nilikuchafua, kazi si itaondoka?"

"Basi iondoke."

Chrispin alimfikiria Hamida, mchumba wa Mujibu, anayemwita yeye shemeji na kumwekea ukoko wa wali. Kama Mujibu angepiga hatua moja kuelekea kile kiti, moja tu, Yohana angeokotwa vipande vipande. Lakini Mujibu alibaki amesimama. Refa akapuliza.

Mujibu akaja. Yohana akaja. Chrispin akajivuta mwili mzima, akabakiza kumwambia karibu ndani. Yohana akamnyang'anya Mujibu mpira kama mzazi anavyomnyang'anya mtoto simu, akakimbia peke yake hadi upande wa pili, akaurusha kwa kubahatisha, ukaingia. Newala yote ikaruka juu. Filimbi ya mwisho.

Bosi Hamudi akainuka. Mujibu akanyoosha mkono. Bosi akampita kama anavyopita nguzo ya umeme, akaenda moja kwa moja kwa Yohana.

"Wewe kijana, umesoma?"

"Shikamoo. Kidato cha nne, baba."

"Marahaba. Jumatatu uwe Masasi. Anayelinda hivi, ghala langu haliibiwi." Kisha akamgeukia Chrispin. "Na wewe mrefu, mtafutie mwenzio chumba."

Kile kidiploma chini ya godoro kilimchoma Chrispin kutoka mbali kote huko. Akasema, "Sawa, bosi."

Walishuka Masasi nyuma ya pikapu. Mujibu alikuwa amejifunika jezi usoni.

"Umefurahi?" akasema akiwa humo humo ndani. "Kazi kachukua mtu wa Makote. Wewe umepata nini?"

"Mimi nilipanda huku sina kazi, nashuka sina kazi. Sijapungukiwa. Wewe, mama yake Hamida anakusubiri stendi na wanawake wenzake, wamevaa sare."

Jezi ikateremka. Macho ya Mujibu yalikuwa mekundu, si kwa vumbi tu.

"Nani kamwambia aje leo?"

"Mimi. Nilimpigia asubuhi. Nilimwambia mkwewe atashuka na habari kubwa, waje na vigelegele."

Mujibu akagonga kioo cha dereva, akagonga tena kwa ngumi, akimwomba asimame ashuke hapo hapo porini. Dereva aliongeza sauti ya redio. Chrispin akahamia ukingoni, mahali pa kuonea vizuri, maana nyumba za kwanza za Masasi zilikuwa zimeanza kuonekana.