Hodi ya Kwenye Ugoko

Ko, ko, ko.

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya panya anayeguguna mlango wa kabati, lakini Bibi aliamka nayo. Nje giza lilikuwa halijaondoka. Akalala kimya akisikiliza. Ko, ko, ko, tena. Kisha kisauti cha chinichini kikauliza, "Hodi?" na kisauti kilekile kikajijibu, "Karibu!"

Hakuwa panya, wala hakuwa mgeni. Alikuwa mjukuu wake, Chiriku, ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili, miguu ameinyoosha, anajigonga ugoko kwa kifundo cha kidole.

"Wewe mtoto, hata jogoo hajaamka."

"Naangalia kama kinga zangu zinalia, Bibi. Leo ni mechi. Kocha amesema zisipolia huchezi."

Bibi akajivutia shuka mpaka kichwani. Kocha amesema! Hata hakujakucha bado, na Kocha ameshaingia chumbani.

Jina la Chiriku alimpa Bibi mwenyewe, kwa ajili ya domo lake. Mama wa mtoto alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji wa mbali, akija mwisho wa mwezi na kuondoka kabla kitanda hakijapata joto. Bibi alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo Chiriku alikulia chini ya meza ya cherehani, akiokota vifungo na kusimulia. Nani kapigana shuleni, nani kang'oka jino, mwalimu kavaa soksi mbili tofauti. Kila habari ilianzia sikioni mwa Bibi. Yeye akikanyaga cherehani na kuitikia, "Ehe? Halafu?" Raha yake ilikuwa hiyo, na hakujua kuwa ni raha mpaka ilipoanza kupungua.

Ilianza kupungua siku Chiriku alipojiunga na klabu ya mpira ya wasichana. Toka hapo mdomo ulikuwa uleule, ila habari zilikuwa za mtu mmoja. Kocha amesema tunywe maji kabla ya kuona kiu. Kocha amesema hereni zivuliwe. Kocha amesema ukigongwa kichwa unatoka, hata ukijiona mzima. Mwenzio akianguka unampa mkono, awe wa timu yenu au ya wale wengine. Kocha amesema kucha zikatwe.

Kucha! Miaka yote Bibi alikuwa akizikata kucha hizo kwa kukimbizana na mwenyewe kuzunguka nyumba. Kwa Kocha zilikatwa kwa neno moja.

Kocha mwenyewe alikuwa binti mwembamba, fundi baiskeli kwenye kona ya pili, na grisi haikumtoka kwenye vidole hata siku ya mechi. Bibi alimtafutia kasoro kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa kilichonyolewa. Akamkuta na moja tu, kwamba alikuwa mkali wa kanuni. Mazoezi yakiisha, hakuna mtoto aliyetoka uwanjani hivihivi. Kocha alimshika mkono, akamleta mpaka kwenye kamba ya ukingoni mwa uwanja, na kuutia mkono wake katika mkono wa mtu wa kwao aliyekuja naye.

"Binti," Bibi alimwambia siku ya kwanza, "huyu nimemwogesha kitovu hakijadondoka. Leo unanikabidhi kama kifurushi?"

"Ndiyo, Bibi. Na kesho pia," Kocha alijibu kwa adabu. "Hata mama yangu mzazi akija, simpi mtoto asiye wake."

Jibu zuri. Bibi alilichukia.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa ni zile kinga za ugoko. Siku moja Chiriku alirudi na jozi ya kinga za kijani, za plastiki ngumu, zimejaa mikwaruzo. Zilikuwa za Kocha tangu utoto wake. Kumbe muda wote Chiriku alikuwa akichomeka vipande vya boksi ndani ya soksi.

"Mbona hukuniambia kama unahitaji?" Bibi aliuliza.

"Hata Kocha sikumwambia. Aliona mwenyewe."

Aliona mwenyewe! Na Bibi, ambaye soksi hizo alizifua kwa mikono yake, hakuona? Usiku huo Chiriku alilala na zile kinga chini ya mto. Zamani mahali hapo palikuwa pa mkono wa Bibi, mtoto akiushika mpaka usingizi umchukue.

Ndipo Bibi akaamua kushona. Kila Chiriku alipokwenda shule, alitoa kipande cha suruali ya jinzi na blanketi kuukuu, akakunja tabaka juu ya tabaka, akapiga mshono wa kwenda na kurudi. Zikatoka kinga safi, za bluu, zenye utepe wa kufungia na ua dogo jekundu pembeni. Kwa mshono hazikuwa na mpinzani mji mzima.

Asubuhi hiyo ya mechi, Chiriku alipokwenda kuoga, Bibi alizichukua zile za kijani na kuzitia mkobani. Alishapanga. Mechi ikiisha atamrudishia Kocha mwenyewe, mbele ya watu, na kumwambia: Ahsante binti, mtoto huyu ana kwao.

"Vaa hizi," alisema mtoto aliporudi. "Nimekushonea mimi."

Chiriku akazipokea. Akabonyeza moja kwa kidole, kidole kikazama. Akafungua mdomo, akamtazama Bibi usoni, akaufunga. Kwa Chiriku, hilo lilikuwa jambo la kuandikwa ukutani.

"Nzuri, Bibi," akasema. "Ua limependeza."

Bibi alisikia "nzuri" tu. Njia nzima alitembea kama aliyevishwa taji.

Uwanjani wazazi walisimama nyuma ya kamba, kama kanuni ilivyotaka. Nyuma ya kamba unashangilia. Huelekezi, hutukani, humbishii mwamuzi. Baba wa golikipa, kinyozi mwenye kitambi na maneno mengi, alimpisha Bibi mbele.

"Shikamoo, Bibi. Leo mjukuu ananifunga mabao mangapi?"

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko timu moja na binti yako, wewe."

"Ndiyo maana naogopa! Wale wetu ndio hawajui goli liko upande gani."

Wasichana walikuwa wameketi mstarini, miguu mbele. Kocha akaanza ukaguzi. Alichuchumaa kwa kila mmoja, akatazama masikio, akatazama kucha na kamba za viatu, kisha akagonga ugoko. "Hodi?" Ko, ko. "Karibu!" Akasogea. "Hodi?" Ko, ko. "Karibu!" Watoto walicheka kila mara kama vile ni mara ya kwanza.

Akafika kwa Chiriku. "Hodi?"

Pu. Pu. Kama mtu anayegonga godoro.

"Ko! Ko!" Chiriku akaigiza haraka kwa ulimi. "Karibu, Kocha!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka. Kocha hakucheka. Aliishusha soksi taratibu.

"Za kijani ziko wapi?"

"Nimezisahau."

"Na hizi?"

Chiriku akainamisha kichwa. Hakugeuka kumtazama Bibi hata kidogo. "Nimejishonea mwenyewe."

Kule kwenye kamba, Bibi aliukaza mkoba kwapani. Mtoto huyu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano.

Kocha alipitisha kidole juu ya mshono, juu ya lile ua jekundu. Kama alijua, hakusema. "Kazi ya mikono mizuri," alisema. "Lakini haizuii teke. Utakaa hapa benchi mpaka zipatikane zinazolia."

"Kocha, leo tu! Tafadhali!"

"Leo ndiyo kuna mateke, mwanangu. Siwezi."

Mpira ukaanza. Chiriku alikaa benchi, mabega yamekunjika, akimpiga Kocha jicho ambalo Bibi hakuwahi kuliona. Lilikuwa jicho la chuki. Na Bibi, lazima tuseme ukweli, alilionja jicho hilo kama asali. Haya sasa, si ndiye huyo Kocha wako! Leo jioni utarudi chini ya meza yangu na kunisimulia ubaya wake wote, nami nitasema, Ehe? Halafu?

Asali haikukaa ulimini. Msichana mmoja wa timu ya pili, mrefu, miguu kama ngazi, aliukosa mpira akapiga mguu wa kinda wetu wa pembeni. KO! Sauti ilifika mpaka kwenye kamba. Mtoto akaanguka, aliyempiga akampa mkono, akainuka, akajipangusa na kukimbia.

"Mungu bariki plastiki," akasema kinyozi. "Bila ile, saa hizi tunatafuta gari la kwenda hospitali."

Bibi aligeukia benchi. Aliona ugoko wa Chiriku, mwembamba kama mchi wa kitoto, na juu yake blanketi. Alilijua blanketi lile. Kidole kinazama. Asubuhi aliona kidole kikizama, akajifanya haoni. Na mtoto naye aliona, akavaa, akasema ua limependeza. Alikuwa tayari kupigwa teke ili bibi yake asihuzunike.

Akainama, akapita chini ya kamba.

"Bibi! Kamba!" kinyozi akapaza sauti. "Utalambwa kadi nyekundu!"

"Acha nilambwe!"

Alipofika benchi alikuwa anahema. Kocha alisimama haraka, mkono mbele. "Bibi, samahani, hapa haruhusiwi mzazi..."

"Najua. Nifukuze nikishamaliza." Akafungua mkoba, akazitoa zile za kijani. "Hakuzisahau. Nilizichukua mimi. Na hizi hakujishonea, nimeshona mimi. Mtoto amenibebea uongo wangu, nami nimekaa kule nikimwangalia anavyoubeba."

Chiriku akaanza kulia hapo, yeye aliyejikaza muda wote. "Sikutaka wakucheke, Bibi."

"Acha wanicheke. Nipe miguu."

Angeweza kumvua zake na kumvalisha zile za plastiki, ikaisha. Lakini mkono wa fundi una kiburi chake. Alitoa mkasi mdogo, akafumua mshono wa juu, akalichomoa blanketi na kuingiza plastiki mahali pake, ikakaa kama mguu kwenye kiatu. Kisha akafunga utepe. Bibi alipomaliza, Kocha aliinama kugonga, mkono ukaishia hewani. Akaurudisha.

"Bisha wewe, Bibi."

Bibi akakunja kidole. "Hodi?"

Ko, ko.

"Karibu, Bibi," akasema Chiriku, machozi mpaka kidevuni.

"Sasa, Bibi," akasema Kocha, akijitahidi kuwa mkali, "nyuma ya kamba, tafadhali."

Bibi akarudi nyuma ya kamba. Timu yetu ilifungwa, na vibaya. Chiriku aliingia mwishoni, akagusa mpira mara chache na mara moja akautoa nje. Wakati wa kuondoka Kocha alimleta kwa mkono kama kawaida, na Bibi aliupokea mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

Kesho yake alasiri Bibi alikuwa kwenye cherehani, Chiriku chini ya meza na vifungo, aliposikia mlango. Ko, ko, ko.

"Hodi hapa?"

Chiriku akatoka chini ya meza kama risasi. "Kocha!" Akamrukia shingoni. Bibi alisikia kile kichomi chake cha zamani kikimchoma tena, pale pale. Hakikuwa kimekwenda popote. Alikishusha kama mtu anavyomshusha paka anayetaka kupanda mezani.

"Karibu, binti. Keti. Chiriku, mletee mgeni maji."

Kocha aliketi ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Alikuwa ameisugua mpaka imekuwa myekundu, na bado grisi ilibaki kwenye kucha.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Radhi ya nini? Aliyeiba kinga ni mimi."

"Tuna kanuni moja ambayo watoto hawaiimbi kwa sababu ni ya makocha. Kocha hampi mtoto mmoja zawadi bila wa kwao kujua. Niliyaona yale maboksi, nikaona haya kukuuliza, nikapitia mlango wa nyuma. Nilitakiwa kubisha hodi hapa kabla ya kubisha kwenye miguu ya mjukuu wako."

Bibi aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba radhi kwa kumpenda mjukuu wake.

"Ungekuja ukaniuliza," alisema, "ningekuchukia vilevile."

Kocha akacheka, Bibi naye akacheka. Chiriku akarudi na maji, akauliza mnacheka nini, hakuna aliyemwambia. Basi akajiketisha katikati yao na kuanza kusimulia mechi yote upya, yeye akiwa ndiye shujaa, na lile pira la nje likiwa limepasua wingu. Bibi alisema, "Ehe?" Kocha akasema, "Halafu?" Neno hilo lilikuwa la Bibi. Alimwachia.

Jua lilipopungua Kocha aliaga. Bibi alimsindikiza mpaka mlangoni, akauona mshono wa mfuko wa suruali yake umeachia, akajizuia kuugusa. Akajizuia mpaka binti alipofika barabarani.

"Wewe, Kocha!"

"Naam, Bibi?"

"Suruali hiyo itakuangushia funguo zako njiani. Uje tena niishone. Na hata ikishashonwa, uje tena."