Inua Upande Wako

Snezhina alikuwa na ugonjwa mmoja ambao duka lake zima la dawa halikuwa na tiba yake: michezo mifupi ya jukwaani. Si ile ya zamani yenye wafalme na mapanga. Hii ya siku hizi, ya watu wawili na kiti kimoja, inayokwisha kabla chai haijapoa. Aliisoma kwenye kaunta, kati ya mteja wa kikohozi na mteja wa presha. Na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, kwenye nyumba ya kusomea ya mji wao kando ya Mto Danubi, alisimama mbele ya watu wachache waliofuata joto la jiko la kuni, akawaeleza mchezo wa siku hiyo una utamu gani. Kisha waliusoma kwa sauti, kila mtu na nafasi yake.

"Mchezo mrefu ni mgeni anayelala," alikuwa akiwaambia. "Huu mfupi unaingia, unaweka kitu mezani, unaondoka. Ukishaondoka ndipo wewe unaanza kujiuliza kile kitu ni nini."

Jumapili hiyo ya Januari aliwaletea mchezo wa baba na mwanawe wanaoshusha kabati kwenye ngazi. Kabati linakwama kwenye kona. Mwana anahama nchi, lakini hakuna anayelitaja hilo. Mchezo mzima ni inua, geuza, angalia ukuta. Mwandishi mbovu, alisema Snezhina, angewapa hotuba. Huyu kawapa kabati.

Watu wakacheka. Hawakujua kwamba safari hii hakuuchagua kwa utamu tu.

Mumewe Penyo na mtoto wao Ognyan walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu sasa. Ugomvi ulikuwa mzabibu. Baba yake Penyo aliupanda uani, ukatambaa juu ya nguzo mpaka ukawa paa. Kiangazi walikula chini yake, vuli wakakamua divai. Penyo alipolazwa kupasuliwa ngiri, Ognyan aliukata ili apate pa kuegesha gari. Alidhani mzee angefurahia nafasi. Mzee akarudi, akaingia uani, akatazama juu, akaona mbingu. Tangu siku hiyo baba ghorofa ya juu, mwana ya chini, nyumba moja, na Snezhina akipandisha na kushusha maneno kama mhudumu wa hoteli.

Na kesho yake asubuhi Ognyan alikuwa anaondoka kwenda Ujerumani, ambako mkewe alishatangulia. Snezhina alitaka neno moja tu litoke kwa Penyo kabla gari halijawashwa. Kumwambia waziwazi alishajaribu, mzee akawa jiwe. Ndipo akaamua kumpa dawa hiyo ndani ya mchezo, kama anavyowashauri kina mama wafiche kidonge kichungu kwenye jamu.

Penyo alikuja kwa ajili ya jiko na pai ya jibini. Snezhina akamwambia msomaji wa nafasi ya baba ana mafua, hebu asaidie. Penyo akavaa miwani. Nafasi ya mwana aliisoma Tsonka, mwongozaji mstaafu wa michezo mwenye sauti ya sigara.

Mwanzoni mzee alisoma vizuri, mpaka watu wakaangua kicheko alipolitukana kabati. Kisha mwana akasema huko aendako atapata kabati jingine. Kwenye karatasi ya baba paliandikwa: kimya kirefu. Penyo akanyamaza, kama alivyoelekezwa. Akaendelea kunyamaza. Kisha akamtazama mkewe juu ya miwani, akatazama hivyo mpaka Snezhina akainamisha uso, na karatasi zikamponyoka Penyo mkononi.

Watu wa jukwaa hawafanyi mchezo na jambo hilo. Karatasi zikianguka, huziokoti mpaka uzikalie kwanza, la sivyo nafasi yako itakuja kukuaibisha.

"Zikalie, Mzee Penyo," Tsonka akasema. "Kaa kwanza, bwana, usituletee mkosi."

Penyo akashuka taratibu, mkono kiunoni, akakaa sakafuni juu ya zile karatasi. Watu wakapiga makofi. Yeye hakuinuka.

"Huyu mwandishi ana umri gani?"

"Thelathini hivi," Snezhina akajibu.

"Hajawahi kuwa na mzabibu."

Akajizoazoa, akachukua koti, akatoka. Pai yake ikabaki mezani imeng'atwa mara moja. Kwa kawaida Snezhina alifunga kwa maneno mawili matatu. Safari hii aliokota karatasi sakafuni tu. Kile kimya alichokisifu nusu saa iliyopita kilikuwa kimevaa koti na kutoka mlangoni, na yeye ndiye aliyekichokoza.

Jioni Penyo alikula supu yake kana kwamba supu ndiyo iliyomkosea, akaenda kulala.

Kwao mtu akisafiri mbali humwagiwa maji kizingitini, mbele ya miguu yake, ili safari itiririke. Snezhina alikuwa ameliandaa jagi la shaba lenye maji tangu jana, na kijitawi cha zdravets ndani yake, majani yenye harufu nzuri ambayo kwao ni ya kutakiana afya. Asubuhi akalikuta tupu. Akajua mzee kayamwaga kwa hasira. Alikuwa analijaza upya, machozi yakimlenga, aliposikia kishindo chini.

Ognyan alikuwa chali kizingitini, begi limefunguka, soksi kwenye theluji. Jiwe la mlangoni lilikuwa limefunikwa na barafu nyororo kama kioo. Akaitazama, kisha akatazama pazia la baba yake kule juu.

"Mama, huyu mzee kanimwagia barafu mlangoni. Alitaka nivunjike shingo ndiyo aridhike."

Snezhina akainama. Ndani ya barafu mlikuwa na jani la zdravets.

Kumbe mzee aliamka kabla ya watu ili asionekane, akamwaga, na Januari ikamalizia. Ingekuwa mchezo, taa zingezimwa hapohapo kwenye lile jani, na Snezhina angelisifu wiki nzima. Lakini Ognyan hasomi michezo. Alikuwa anakusanya soksi.

"Ni maji ya safari, mwanangu," akamwambia. "Kayamwaga yeye. Kawahi mno mjinga yule, yameganda."

Ognyan akachuchumaa. Akalikwaruza lile jani kwa ukucha, halikutoka. Akatazama tena juu.

"Mwambie..." akasema. Akafuta barafu kwenye ukucha. "Mwambie basi."

Mpini wa begi ulikuwa umekatika. Akashika upande mmoja, akamwambia mama yake ashike wa pili, wakalibeba hivyo mpaka kwenye gari.

Gari lilipoondoka Snezhina alipanda juu, akamkuta Penyo jikoni, amesimama.

"Kasema nini?"

"Kasema nikwambie."

"Uniambie nini?"

"Kaishia hapo."

Mzee akaangalia uani, pale gari lilipokuwa, chini ya mbingu tupu.

"Michezo yako hii," akasema, "inaisha vibaya."

Akachukua kisu kipana, akashuka kubandua barafu. Snezhina alimsikia akikwaruza, akikwaruza, hata baada ya muda ambao barafu yote ingekuwa imekwisha.