Majani Yaliyopeana Kisogo

Tok, tok. Kimya. Tok. Nyundo yako ilinifikia nje barabarani, shangazi, kabla sijaufungua mlango wa karakana, na kwa mlio wake nikajua umekasirika.

Ndani, vumbi la mbao lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Pande mbili za mlango wangu ulikuwa umezilaza mezani, bega kwa bega, kazi yangu ya siku tisa. Mzabibu niliouchonga upande wa huku ulipanda kuelekea kulia. Na wa kule, kulia vilevile.

Nilisahau kuigeuza karatasi ya mchoro nilipochonga upande wa pili. Si kusahau tu: nilijiamini mno hata sikuziweka pamoja nizitazame.

"Nilikuagiza mlango, umenichongea foleni," ulisema. "Kila jani limempa mwenzake kisogo. Hapa katikati palitakiwa nini?"

"Uzuri."

"Uzuri ni neno la mteja. Wewe ni fundi, nipe la fundi."

Nikakosa. Mimi, mtunga mashairi bila mwalimu, nikakosa neno.

Ukanipa. Ulinganifu: mstari wa katikati, na kila kilicho huku kiwe na jibu lake kule. Uwiano: shina lisinenepe hadi likameza ua. Motifu: umbo moja, jani hilihili, linaloondoka na kurudi. Mdundo: hatua za kurudi kwake. Hapo nikainua kichwa, kwa maana mdundo naujua, nimeuhesabu kwa vidole silabi kwa silabi, na ubeti wangu hauchechemei.

"Usitabasamu bado," ulisema. "Nafasi tupu ndiyo inayokushinda. Unaiogopa mbao isiyochongwa kama mtu anavyoogopa kunyamaza. Mwenye nyumba anakuja Ijumaa ijayo. Akiuona huu atakwenda kununua wa kiwandani, na mimi sitakupa mlango mwingine, baba."

Iliniuma. Iache iume. Nilishusha ubao mpya, nikaupiga msasa mpaka ukalainika kama shavu, nikaigeuza karatasi. Kabla ya jani, kabla ya shina, nikapiga mstari wa katikati.

"Shangazi," nikasema, kwa sauti ya kusikika na jirani, "Ijumaa wewe kaa. Nitamfungulia mimi pande zote mbili. Akiuliza kwa nini mmoja ni mpya, nitamwambia nilikosea. Na nitamwambia nilikosea nini."