Swichi ya Mlango wa Zuura

Vioo vya milango ya gari la Zuura vilikuwa vimegoma kushuka tangu Oktoba, na mumewe Kasymaly, ambaye kazi yake ni umeme wa magari, aliahidi kila Jumapili kwamba angevitengeneza. Mchana kutwa alihangaika na magari ya watu kwenye kontena lake katika soko la vipuri la Bishkek. Akirudi nyumbani hakutaka hata kuona bisibisi. Zuura akazoea kufungua mlango mzima kila alipotaka kusema na mlinzi wa maegesho.

Asubuhi moja ya Machi, theluji ikiyeyuka na njia zote zikiwa tope, Kasymaly alikuwa ametoka kumwaga taka alipomwona mkewe anarudisha gari nyuma. Kioo kikashuka taratibu, bila kukwaruza. Zuura akatoa kichwa.

"Nachelewa kiwandani. Supu iko jikoni, pasha ule."

Kioo kikapanda, akaenda zake. Kasymaly akabaki na ndoo mkononi.

Kama vingekuwa vimetengenezwa na fundi mwingine yeyote, angeona aibu tu, yakaisha. Lakini pale sokoni bingwa wa vioo alikuwa mmoja: Melis, wa safu ya saba. Miaka minane walikuwa wamefanya kazi pamoja, hadi walipotengana kwa maneno makali. Na kabla ya hayo yote, Melis ndiye aliyekuwa akimsindikiza Zuura kutoka chuo cha ushonaji, mpaka Kasymaly alipowahi kupeleka posa. Siku ya harusi Melis alikula nyama ya farasi na kucheka kama wageni wengine. Kicheko kile Kasymaly hakukiamini hata siku moja.

Jumamosi, Zuura alipokuwa ndani anapiga pasi, Kasymaly aliing'oa swichi kuu ya vioo kwenye mlango wa dereva akaifungua. Kila mguso wa shaba wa kupitishia umeme ulikuwa umesuguliwa hadi kung'aa. Njia moja iliyoungua ilikuwa imeunganishwa kwa waya mwembamba, na tone la risasi ya kulehemu pale lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Tangu aanze ufundi yeye mwenyewe hakuwahi kutia tone kama lile. Kazi ile haikuwa ya haraka. Akajiuliza Zuura alikuwa amekaa wapi muda wote huo, na walikuwa wakizungumza nini. Roho ikamuuma hasa.

Akafunga safari hadi sokoni na swichi ile mkononi, akaikwepa safu ya saba, akasimama kwa muuzaji wa karibu na lango.

"Swichi ya vioo vinne, mpya," alisema.

"Usukani kulia au kushoto, kaka?"

"Soketi ni hiihii. Nipe."

"Nakuuliza kwa sababu hizi ni za usukani wa kushoto. Itaingia, lakini waya zake zimepangwa kinyume. Utabonyeza huku, kishuke cha kule."

Kasymaly aliyajua hayo miaka ishirini, na gari la Zuura usukani wake ulikuwa kulia; wateja waliokuja na kosa hilo aliwacheka. Lakini swichi ilikuwa inameta ndani ya kisanduku chake, na hakuna mkono wa mtu uliokuwa umeigusa. Akaichukua. Ile ya zamani akaitupa katika mfereji wa kando ya barabara, maji ya theluji yakaondoka nayo, kisha akarudi nyumbani kuifunga ile mpya.

Jumatatu Zuura alikuwa anapeleka kiwandani mashati meupe aliyoyamalizia nyumbani, ameyapanga kwenye kiti cha pembeni. Alipofika njia panda akabonyeza kushusha kioo chake, kikashuka cha upande wa pili. Alipokuwa bado anahangaika na vitufe, lori likapita na kumwaga tope lote juu ya mashati.

Alirudi nyumbani, akaweka beseni la mashati yenye tope katikati ya chumba.

"Nani kagusa swichi yangu?"

"Yako, au ya Melis?"

"Unasema nini, baba Perizat?"

"Nimeifungua, nimeona. Ulikaa kwake muda gani? Alikukaribisha na chai?"

"Alinikaribisha. Nikanywa vikombe viwili." Zuura alianza kukunja mikono ya gauni. "Lakini swichi hakuigusa. Alisema ukijua kaigusa yeye utamnunia miaka kumi mingine. Alinielekeza tu. Nikaharibu mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Mimi natia vishikizo mia nne kwa siku, waya ule ungenishinda vipi?"

Kasymaly alidhani moyo ungetulia. Haukutulia. Wivu ulihama tu, ukaenda kukaa juu ya vile vikombe viwili, na juu ya mchana mmoja ambao mkewe alijifunza kazi ya mumewe kwa mwanamume mwingine, tena akaifurahia.

"Ungeniomba mimi nikufundishe."

"Nilikuomba unitengenezee. Umesahau mara ngapi?"

Kasymaly alivaa kofia, akaenda safu ya saba.

Kasymaly alitaja swichi anayotaka. Melis alivuta boksi la swichi zilizotolewa kwenye magari ya usukani wa kulia, akalisukuma mbele yake. Kasymaly akachagua bila haraka: akahesabu pini, akabonyeza kila kitufe akisikiliza mlio wake, akazirudisha mbili zilizolegea.

"Ile aliyotengeneza iko wapi?" Melis akauliza hatimaye.

"Nimeitupa. Nilidhani ni kazi yako."

"Mimi tone lile siliwezi tena, macho yamekwisha. Wewe ulimpata huyu mtu, Kasymaly. Mimi nilimpa chai."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi, maana yalitoka bila hasira. Akalipa, akashukuru kwa sauti ndogo.

Nyumbani alifua mashati hadi vidole vikasinyaa, kisha akamfuata Zuura garini, akampa swichi na bisibisi.

"Weka wewe. Nitakaa nikuangalie."

"Uniangalie, au unichunge?"

Kasymaly alifikiri. "Yote mawili."

Zuura akasogea ukingoni mwa kiti cha dereva ili mumewe apate pa kukaa kando yake.