Doto Alienda Mahali

Kulwa alizimika katikati ya tuta la mchicha. Alitoa mlio kama sufuria iliyodondoka, kisha kimya, na Bibi Ng'washi akabaki ameshika usukani kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa.

Kulwa ni kitrekta. Zamani alikuwa akikata majani kwenye uwanja wa misheni. Wamisionari walipoondoka, babu yangu Shigela akamchukua, akamfungia jembe nyuma, akamwandika jina ubavuni kwa rangi nyeupe. Bustani yetu ya Igombe inashuka mpaka kwenye matete ya ziwa, na tangu nizaliwe sijaona ikilimwa na kitu kingine. Babu alipofariki, Bibi alikunja kitenge, akapanda kwenye kiti, akaendelea pale mwenzake alipoachia.

Fundi alipofungua injini, alikuta konrodi imekatika. Huo ndio mkono unaoipandisha na kuishusha pistoni. Vingine vyote vilikuwa vizima.

"Amevunjika mfupa mmoja tu," alisema. "Shida ni kuupata."

Nilikiweka kile kipande kwenye mkoba wangu, nikaanza kuzunguka mjini. Mabatini, muuza vipuri alikigeuza kiganjani, akacheka.

"Dada, mnyama gani huyu? Injini hizi waliacha kuzitengeneza wewe hujazaliwa."

"Hakuna hata iliyotumika?" niliuliza.

"Eti?" Aliinama juu ya meza anisikie. Sauti yangu huwa ndogo mbele ya watu nisiowajua. "Hakuna, dada. Nenda Nyakato."

Nyakato, mkerezaji wa vyuma aliniambia ukweli kwamba chuma alicho nacho kingekula krankshafti, ule mhimili wa injini, na mgonjwa angekufa moja kwa moja. Mtandaoni nilitumiwa picha za konrodi za kila namna. Nilizipima kwa rula: hii tundu pana, ile mkono mfupi. Hakuna aliyekuwa ndugu wa Kulwa.

Hapo ndipo baba mdogo Revocatus alipokuja Igombe na uamuzi wake.

"Mama, watu wa chuma chakavu wanakuja Jumamosi. Wewe utahamia kwangu Mabatini. Jembe la mkono huliwezi tena."

"Na huko Mabatini nitapanda nini? Sementi?"

"Utapumzika, Mama."

Bibi aliinama akang'oa gugu moja, akalishika tu, hakulitupa. Nilimwona akiitazama bustani, tuta baada ya tuta, kama anayezihesabu sura za watoto wake, na nikajua kwamba tukimhamisha pale hatadumu.

Baba mdogo alipoondoka, nilikaa na Bibi kwenye majani tukichambua mchicha uliobaki. Macho yangu yakaenda kwenye lile jina. Kila Msukuma anajua kwamba Kulwa hazaliwi peke yake. Nyuma yake yupo Doto, pacha wa pili, na vitrekta vya misheni vilikuwa viwili. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza Bibi Doto yuko wapi, na jibu lake lilikuwa lilelile: Doto alienda mahali. Mtu mzima akikwambia fulani ameenda mahali, unaelewa kwamba hataki kuulizwa zaidi. Mimi niliamini Doto aliibiwa. Baba mdogo aliamini Babu alimnywea pombe.

"Bibi," nilisema, "Doto alienda mahali gani?"

"Mahali ya Mashimba."

Mashimba alikuwa mdogo wake Babu. Nimesomea ualimu wa Kiswahili, na mdomo wangu ukanitangulia: "Mahali *pa* Mashimba, Bibi."

"Siyo pa! Ya! Mahali ya kumwolea Amondi, yule binti wa Kijaluo wa Shilati. Ng'ombe walikuwa na ugonjwa, selikali ikakataza kuwavusha. Babu yako akasema, basi tutapeleka ng'ombe wa chuma."

Mchicha ulinidondoka.

"Bibi... mahari?"

"Si ndivyo ninavyosema siku zote? Mahali!"

Nilitaka kucheka, nikajikuta machozi yananilenga. "Sasa mbona hukutuambia tumtafute?"

"Mahali haidaiwi, Sabina. Ukichukua hata kamba ya ng'ombe wa mahali, umevunja ndoa ya watu. Mashimba na Amondi wamelala Kahama, mume na mke. Niwaachanishe kabulini kwa ajili ya mchicha?"

"Nikienda kumwona tu?"

Alifikiri. "Kuona siyo kudai."

Kesho yake nilipanda basi la Tarime, nikashuka njiani, bodaboda ikanifikisha Shirati kwa mzee Ojwang, kaka yake Amondi. Alikuwa mrefu, kofia ya majani kichwani, miguu peku.

"Shikamoo, babu. Natoka kwa Shigela, Mwanza."

"Marahaba. Kwa Shigela? Basi wewe ni mke wangu. Mbona umechelewa hivi? Ona, nimezeeka nikikungoja."

Niliangalia chini, na nikiwa nimeangalia chini hivyo, nikasikia.

Ulitoka nyuma ya nyumba. Ulikuwa mlio wenye kwikwi, unagonga, unagonga, unameza mate, unagonga tena. Ndio mlio ulioniamsha asubuhi zote za utoto wangu. Niliufuata bila hata kuomba ruhusa, mimi ambaye huomba ruhusa hata ya kukaa.

Doto alikuwa chini ya kibanda cha bati, ameinuliwa juu ya mawe, mkanda ukizungusha pampu. Maji ya ziwa yalikuwa yanapanda kwenye bomba na kumwagika mferejini, mpaka kwenye matuta ya sukuma wiki. Ubavuni, kwa rangi nyeupe, kulikuwa na mwandiko wa babu yangu, ile D yenye mkia mrefu kama ya kwenye daftari zetu za shule. Niliweka kiganja juu yake. Alikuwa wa moto, anatetemeka. Mfupa niliokuwa nautafuta ulikuwa chini ya mkono wangu, ukipanda na kushuka, ukinywesha bustani ya watu.

"Umekuja kumchukua?" Mzee Ojwang aliuliza nyuma yangu. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Hapana, babu. Nimekuja kumwona."

"Kulwa hajambo?"

Alilijua jina. Basi nikamweleza yote: mfupa, Jumamosi, Bibi na sementi ya Mabatini, na kwamba mahari haidaiwi.

Alimzima Doto. Kukawa kimya, matete tu yakisugua.

"Bibi yako kasema kweli. Mahari hairudi, dada yangu angenijia ndotoni na mwiko. Lakini niambie, mke wangu, ng'ombe wa mahari akizaa, ndama ni wa nani?"

"Ni wa kwenu."

"Na mwenye ndama akipenda kumzawadia mkewe, kuna wa kumkataza?"

Aliingia ndani, akatoka na sanduku la mbao. Babu alilituma pamoja na Doto, likiwa na vipuri, na wao walivitumia kimoja kimoja. Chini kabisa kilibaki kitu kimoja, kimeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta. Alikifungua polepole. Konrodi iling'aa kama imetoka kiwandani asubuhi ile.

"Ndama wa mwisho," alisema.

"Na Doto naye akivunjika?"

"Avunjike akijua pacha wake anakula. Mapacha hawanyimani sahani, hata ninyi Wasukuma mnalijua hilo. Chukua kabla sijakumbuka uchoyo."

Jumamosi, watu wa chuma chakavu walifika na guta la matairi matatu, baba mdogo Revocatus akiwaelekeza. Fundi alikuwa anakaza nati ya mwisho.

"Mama, ndiye huyu wa kupima kilo?" mmoja wao aliuliza.

"Huyu ana shemeji Shilati," Bibi alisema. "Hapimwi."

Fundi akavuta kamba. Kulwa alikohoa, akakohoa tena, kisha akagonga, akagonga, akameza mate, akagonga. Baba mdogo alivua kofia. Sidhani kama alijua kwamba ameivua. Bibi aliniashiria nipige simu, akaishika juu ya boneti.

"Ojwang! Ndama wa mahali amefika!"

"Amefika mahali gani?"

"Mahali!" Bibi alipiga kelele. "Mahali!"

Kicheko cha mzee kilijaa kwenye simu, kisha nyuma ya kicheko Doto akawaka. Nilisimama katikati ya mchicha, ziwa mbele yangu, na kwa muda sikuweza kutambua mlio upi ni wa hapa na upi ni wa kule.