Dukati Nyepesi ya Sebald

Hapa Nuremberg mtoto akibatizwa, mama wa ubatizo humfungia dukati, sarafu ya dhahabu, kwenye nepi. Mimi ndiye niliyemfungia Sebald, mtoto wa mdogo wangu Walburga: dukati ya mji wetu, yenye mwanakondoo aliyebeba bendera. Nilifua nguo za watu mpaka vidole vikapasuka ili niipate, na sikujuta.

Degedege lilipomshika mtoto, hatukuwa na kitu kingine. Baba yake alikwenda vitani, hakurudi. Tukakimbia kwa muuza dawa, mtoto kifuani kwangu, sarafu mkononi mwa Walburga.

Mzee yule akaiweka kwenye mizani. Akaitoa, akaiweka tena.

"Nyepesi hii, mama. Imekwanguliwa."

"Iangalie vizuri, bwana," nikamwambia. "Imetoka kwenye nepi hiyo."

"Nimeiangalia. Mwanakondoo wako hana bendera, kabaki na kijiti! Anayekwangua sarafu ya mji hukatwa mkono, hujui? Shukuru nina huruma."

Akachukua mkasi wake mkubwa, akaikata vipande viwili kama sheria inavyotaka, akatusukumia. "Mpelekeeni mfua dhahabu, awape atakachowapa. Dawa hainunuliwi kwa pesa iliyoibiwa."

Nje nikamgeukia mdogo wangu. "Nani kaigusa?"

"Mimi, dada."

"Wewe? Una wazimu?"

"Si wanasema dhahabu ya ubatizo huponya degedege? Tangu Jumapili namkwangulia kidogo kwenye maziwa. Nimeiba nini? Si yake mwenyewe?"

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini mama yetu naye alitukwangulia hivyo hivyo, na sisi tulipona. Nikaongeza mwendo.

Hatukufika kwa mfua dhahabu. Darajani Sebald alijinyoosha mikononi mwangu, kisha akatulia. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani degedege limemwachia. Nilipomfunua uso nikaona macho yako wazi, hayapepesi.

Walburga hakulia. Heri angelia. Aliketi pale pale kwenye mawe ya daraja, watu wakimruka, akatoa kisu kidogo na vile vipande viwili, akaanza kukwangua juu ya kiganja chake.

"Mshike mtoto kichwa, dada," aliniambia taratibu. "Nilimpa kidogo mno. Niliionea uchungu sarafu yako."

Nikamshika kichwa.